Uhakika wa Wokovu kwa Mkristo Anayesumbuliwa na Shaka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ndani ya jalada la Biblia yangu ya kwanza kuna tarehe nne, zote kwa mwandiko wangu, na tatu kati yake zimekatwa kwa kalamu. Kila tarehe ni siku niliyosadiki kwamba sasa nimeokoka kweli, na kila mstari wa kukatia ni siku niliyoanza kuhofu kwamba ile ya awali haikuwa na maana: labda sikutubu dhambi zote, labda moyo haukuvunjika vya kutosha, labda nilifuatisha tu maneno ya mhubiri. Mwongozo huu nimewaandikia Wakristo wanaoijua hali hiyo. Hauwahusu watu wasiojali, wala haukusudii kumtuliza mtu ambaye dhamiri yake inamwambia ukweli asiotaka kuusikia. Mtu huyo nitasema naye katika hatua ya nne.

Kabla ya hatua yoyote, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo hofu huyachanganya. Wokovu ni kazi ambayo Mungu ameifanya katika Kristo kwa ajili ya mwenye dhambi. Uhakika wa wokovu ni mtu kujua kwamba kazi hiyo inamhusu yeye. La kwanza laweza kuwapo pasipo la pili. Wachungaji na wanazuoni waliokutana Westminster, mjini London, walipoandika ungamo lao la imani mwaka 1646, walisema wazi kwamba uhakika si sehemu ya kiini cha imani kwa namna ambayo mwamini wa kweli hawezi kungoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla ya kuupata. Kwa hiyo kukosa uhakika leo si ushahidi kwamba hujaokoka. Wakati huohuo, Mungu hakukusudia tuishi bila uhakika, kwa maana Yohana anaeleza sababu ya waraka wake kwa maneno haya: "Nimewaandikia ninyi mambo hayo, ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele, ninyi mnaoliamini jina la Mwana wa Mungu" (1 Yohana 5:13). Angalia anawaandikia akina nani: watu wanaoamini tayari, ambao bado wanahitaji kusaidiwa wajue.

Hatua ya kwanza: Iandike shaka yako kwa sentensi moja

Shaka isiyo na jina huenea kama moshi na kujaza nyumba nzima. Chukua karatasi uandike, kwa sentensi moja iliyo wazi, kile hasa unachokiogopa. Usiandike "sina amani", kwa sababu hiyo ni hali tu. Andika, kwa mfano, "Naogopa kwamba sikuamini kwa moyo wote siku ile," au "Naogopa kwamba wazo lile baya lilikuwa kumkufuru Roho Mtakatifu," au "Naogopa kwa sababu nimeirudia dhambi ileile tena," au "Sina hakika kama Yesu alifufuka." Sentensi hizi nne hazitibiwi kwa dawa moja. Mwenye ile ya mwisho anahitaji kuchunguza ushahidi wa injili yenyewe, na asione aibu kuuliza, maana hata mlimani Galilaya, mbele ya Bwana aliyefufuka, Mathayo anakiri kwamba baadhi ya wanafunzi waliona shaka (Mathayo 28:17), na Yesu hakuwafukuza bali aliwatuma. Wengine watatu wanaiamini injili. Wanachoshindwa kuamini ni kwamba inawahusu wao. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili yao.

Hatua ya pili: Acha kuokoka upya

Ikiwa umekuwa ukirudia sala ya toba kila unaposikia mahubiri mazito, acha. Najua neno hili linaogopesha, kwa sababu kila marudio huonekana kama tahadhari isiyo na hasara: kama sala ya kwanza ilikuwa ya kweli, ya pili haitadhuru, na kama haikuwa ya kweli, ya pili itaokoa. Hasara ipo, tena ni kubwa. Kila unaporudia unaufundisha moyo wako kwamba wokovu unategemea ubora wa sala, na kwa kuwa hakuna sala ya mwanadamu iliyo kamilifu, utalazimika kuirudia daima. Mimi nilitoka tarehe ya kwanza hadi ya nne kwa njia hiyo, na ile ya nne ilinipa utulivu mfupi kuliko zote.

Lugha ya Biblia yetu inatusaidia hapa kwa namna ambayo tumezoea kuisoma bila kuitazama. Yohana 3:36 inasema, "Amwaminiye Mwana yuna uzima wa milele." Haisemi "aliyemwamini siku fulani", kwa kiambishi cha wakati uliopita, bali "amwaminiye", bila kutaja wakati wowote, kama tunavyosema "asomaye" au "apendaye". Tena haisemi "atakuwa na uzima", bali "yuna", sasa. Kisha Yohana 5:24 inaongeza kwamba mtu huyo "amepita kutoka mautini kuingia uzimani", na hiyo "-me-" ni ya jambo lililokwisha kutendeka na ambalo hali yake ingali ipo. Basi swali ambalo Maandiko yanakuuliza si kama uliamini vizuri mwaka ule. Linahusu leo: unamtegemea nani ili ukubaliwe na Mungu? Wapo watakatifu wengi ambao hawawezi kutaja siku waliyookoka, hasa waliolelewa katika imani tangu utotoni, na hakuna andiko linalowadai tarehe hiyo.

Unaposukumwa tena kurudia sala ile, sema badala yake sentensi fupi isiyoanza upya bali inayoendelea, kama ya yule baba wa mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Mtu huyo alikuja na imani na kutokuamini ndani ya kifua kimoja, akavitaja vyote viwili kwa pumzi moja, na mwanawe akaponywa.

Hatua ya tatu: Geuza macho kutoka kwa imani yako yaende kwa Kristo

Hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo, na msomaji atakayechoka njiani asiiruke hatua hii.

Mwenye shaka hutumia nguvu nyingi kuichunguza imani yake: ni kubwa kiasi gani, ni safi kiasi gani, je, ni ya kichwani au ya moyoni? Lakini imani ni kama jicho, haikuumbwa ijitazame. Katika Hesabu 21, watu wa Israeli walipoumwa na nyoka jangwani, Musa alisimamisha nyoka wa shaba juu ya mti, na kila aliyeumwa alipomtazama akaishi. Fikiri kuhusu mtu ambaye sumu ilikuwa imekwisha kumpanda, macho yamefifia, anainua shingo kwa shida na kuona tu kitu kinachong'aa kwa mbali. Huyo naye aliishi, sawasawa na aliyetazama kwa macho makavu. Hakuna aliyeulizwa alitazama kwa ustadi gani. Yesu mwenyewe alilichukua tukio hilo kuwa mfano wa kuinuliwa kwake (Yohana 3:14-15).

Wengine watapinga kwa Waebrania 11:1, isemayo kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, kisha wahitimishe, "Mimi sina hakika, kwa hiyo sina imani." Lisome tena andiko hilo polepole. Hakika inayotajwa pale ni ya mambo yatarajiwayo, yaani ahadi za Mungu. Si hakika juu ya ubora wako mwenyewe. Mtu aweza kusadiki kabisa kwamba Kristo anawaokoa wote wamjiao, huku akitetemeka anapojifikiria mwenyewe. Mtoza ushuru hakuthubutu hata kuinua macho yake mbinguni, alijipiga kifua tu akisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na Yesu akasema kwamba alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki (Luka 18:13-14). Hatuambiwi kama alijisikia tofauti alipokuwa akishuka.

Kwa vitendo, fanya hivi. Chagua ahadi moja tu. Mimi hupendekeza Yohana 6:37, "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe," kwa sababu imeziba mianya ambayo hofu hupenda kupitia: "yeyote" linaziba swali la wewe ni nani, na "kamwe" linaziba swali la hali gani au lini. Iandike kwa mkono. Kwa muda wa wiki mbili isome kwa sauti asubuhi kabla ya kuisikiliza hali ya moyo wako, kisha jibu kwa sauti pia: "Bwana, ninakuja, umesema hutanitupa." Usiisome ahadi kisha ukapima kama imekugusa. Ukipima, umerudi kujitazama. Baada ya wiki mbili ongeza nyingine, kama Warumi 8:1 au Yohana 10:28, lakini usikimbilie kukusanya aya nyingi, kwa sababu mwenye wasiwasi huzigeuza aya kuwa hirizi, na ile moja aliyoielewa humfaa kuliko ishirini alizozikariri kwa hofu.

Hatua ya nne: Ikiwa kuna dhambi unayoilinda, iache

Kuna shaka ambayo ni rehema. Daudi aliponyamaza kuhusu dhambi yake, mifupa yake ilichakaa na mkono wa Mungu ukamlemea mchana na usiku (Zaburi 32:3-4), na dawa yake haikuwa ahadi bali ungamo. Ikiwa unaishi katika uzinzi, wizi au chuki ambayo hukusudii kuiacha, sitakupa maneno ya faraja, kwa kuwa Biblia haikupi. Leo hii mtajie Mungu dhambi hiyo kwa jina lake, kata njia inayokupeleka dhambini, rudisha ulichochukua, mwombe radhi uliyemkosea, kisha shika 1 Yohana 1:9, isemayo kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Lakini tofautisha dhambi unayoilinda na dhambi unayopigana nayo. Anayeanguka, akachukia, akainuka na kuendelea kupigana, hayuko mahali pamoja na aliyetandika kitanda ndani ya dhambi yake. Aliyelia "Ole wangu, maskini mimi!" katika Warumi 7:24 ndiye aliyeendelea mara moja kusema kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.

Hatua ya tano: Tazama matunda, lakini kwa kipimo sahihi

Waraka wa kwanza wa Yohana unatoa alama tatu zinazojirudia: kumkiri Yesu kuwa ndiye Kristo aliyekuja katika mwili, kuzishika amri zake, na kuwapenda ndugu. Alama hizi zinaimarisha uhakika, ila haziwezi kuwa msingi wake, kwa sababu Yohana huyohuyo anasema kwamba tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe (1:8). Tazama mwelekeo badala ya kiasi. Usiulize, "Je, ninapenda vya kutosha?" kwa maana hakuna atakayejibu ndiyo kwa unyofu. Uliza kama dhambi inakuuma kwa namna ambayo zamani haikukuuma, na kama unatamani kumpendeza Kristo hata unaposhindwa. Afadhali zaidi, mwombe ndugu mkomavu anayekufahamu kwa miaka kadhaa akuambie anachokiona, kwa kuwa mwenye wasiwasi ni hakimu mbaya wa kesi yake mwenyewe.

Hatua ya sita: Zikabili aya zinazokutisha, moja baada ya nyingine

Karibu kila mwenye shaka ana aya anayoikwepa. Usiikwepe, isome pamoja na yaliyoizunguka.

Dhambi ya kumkufuru Roho Mtakatifu, katika Marko 3:28-30, ina maelezo yake ndani ya maandiko yenyewe: Yesu alisema hayo kwa vile walivyosema, "Ana pepo mchafu." Waandishi waliona kwa macho yao kazi ya Roho, wakaamua kwa makusudi kuiita kazi ya Beelzebuli, mkuu wa pepo, na hawakuona haja ya kusamehewa. Wazo chafu linalokujia kwa nguvu na kukuacha ukitetemeka si uamuzi wa namna hiyo. Hofu yako yenyewe inashuhudia kwamba hujasimama upande wao.

Waebrania 6:4-6 inasema kwamba walioanguka baada ya kupewa nuru haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu. Kisichowezekana kinachotajwa pale ni toba. Haisemwi kwamba mtu atatubu kwa machozi kisha akataliwe kwa kuwa amechelewa. Ikiwa unatamani kumrudia Kristo, tamaa hiyo haikutoka kwako. Na usiishie mstari wa 6, kwa sababu mstari wa 9 mwandishi anawaita wasomaji wake wapenzi na kusema kwamba katika habari zao amesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi.

Katika Mathayo 7:22-23, wanaofukuzwa waliweka mezani unabii wao, pepo waliowatoa na miujiza yao. Hakuna hata mmoja aliyeomba rehema. Tena Bwana hawaambii kwamba aliwajua kisha akawasahau. Anasema hakuwajua kamwe.

Kisha kuna Esau wa Waebrania 12:17, aliyetafuta kwa machozi akakataliwa. Aya hii ilimtesa kwa muda mrefu John Bunyan, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 17, aliyeamini kwamba amemuuza Kristo kwa wazo moja lililompitia moyoni. Ukirudi Mwanzo 27 utaona kwamba kilichomliza Esau ni baraka ya baba yake, si dhambi yake. Bunyan alianza kufunguliwa alipokuwa akipita shambani na kutambua kwamba haki yake iko mbinguni, kwamba ni Yesu Kristo mwenyewe, yeye yule jana na leo na hata milele, na kwa hiyo hali njema ya moyo wake haiwezi kuiongeza wala hali mbaya kuipunguza. Ukitaka kujua uhakika unavyoonekana ukiwa ndani ya mtu, ni huo.

Niseme pia kwamba Wakristo hawajakubaliana kama aliyeokoka kweli aweza kuupoteza wokovu wake. Wengine hufundisha kwamba Mungu humhifadhi hadi mwisho, wengine kwamba aweza kuukana kwa hiari. Huhitaji kuumaliza mjadala huo usiku wa leo. Pande zote mbili zinakubali kwamba anayemtegemea Kristo sasa ana uzima sasa, na wala hakuna upande unaofundisha kwamba wokovu hudondoka bila mtu kujua, kama sarafu kwenye mfuko uliotoboka.

Hatua ya saba: Uchunguze mwili na akili

Eliya alipoomba kufa, malaika hakumhubiria kwanza; alimpa chakula akalala, kisha akampa tena (1 Wafalme 19:5-7). Kukosa usingizi, msiba, kujifungua, maradhi ya muda mrefu na huzuni nzito huweza kuzima hisia zote za uwepo wa Mungu bila imani kuzimika. Mtunzi wa nyimbo William Cowper alisadiki tangu mwaka 1773 kwamba Mungu amemtupa, na giza hilo halikumwondoka kabisa hadi alipofariki mwaka 1800, ingawa nyimbo zake zilizochapishwa mwaka 1779 pamoja na zile za rafiki yake mchungaji John Newton ziliwafariji maelfu. Alikuwa mgonjwa. Siwezi kusoma habari zake bila uchungu.

Upo pia ugonjwa wa mawazo na matendo yanayojirudia, ambao kwa baadhi ya watu huvaa vazi la dini: mtu huungama kosa lilelile mara kumi kwa siku, hurudia sala mpaka aitamke bila dosari, humuuliza mchungaji swali lilelile kila wiki na kupata nafuu ya saa moja tu. Ukijiona hapa, nenda kwa daktari wa afya ya akili au mshauri mwenye ujuzi wa ugonjwa huo. Unatibika, na sehemu muhimu ya tiba ni kujifunza kustahimili wasiwasi bila kukimbilia tendo la kuutuliza. Kutafuta tiba hiyo si kukosa imani, kama vile kuvaa miwani si kukosa imani.

Hatua ya nane: Usipigane peke yako

Waraka wa Yuda unaagiza wenye shaka wahurumiwe (mstari wa 22), kwa hiyo kanisa linadaiwa huruma hiyo nawe una haki ya kuiomba. Tafuta mtu mmoja, si saba, na umsomee ile sentensi uliyoiandika katika hatua ya kwanza. Usijitenge na meza ya Bwana kwa sababu ya shaka peke yake, kwa maana mkate na kikombe vimewekwa kwa ajili ya imani dhaifu ambayo inahitaji kushika kitu mkononi. Ubatizo wako nao ni neno la Mungu kwako: Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alifundisha mwaka 1529 kwamba dhambi na dhamiri zinapotulemea, tujibu, "Hata hivyo nimebatizwa," na kusimama juu ya ahadi iliyofungamanishwa na tendo hilo.

Nawe ambaye mwenye shaka amekuja kwako, usimwongoze tena sala ya toba ili tu muachane vizuri. Msikilize hadi mwisho, muulize anamtegemea nani leo, msomee ahadi moja, mwombee kama Yesu alivyomwombea Simoni ili imani yake isitindike (Luka 22:32). Akirudi wiki ijayo na swali lilelile, usilijibu kwa maelezo mapya. Mrudishe kwenye ahadi ileile, kwa upole uleule.

Shaka ikikuamsha saa tisa usiku

Usianze kuchunguza. Saa hiyo akili imechoka, na kila kumbukumbu huja kama shahidi wa mashtaka. Washa taa, keti, soma kwa sauti ile ahadi moja uliyoiandika kwa mkono. Sema, "Bwana, mashtaka haya nitayatazama mchana pamoja na ndugu yangu, usiku huu nakuja kwako kama nilivyo, nawe umesema hutanitupa." Ikiwa hofu inabaki, iache ibaki, Isaya 50:10 inamwagiza aendaye gizani bila nuru alitumainie jina la Bwana papo hapo gizani. Usiongeze sala ya pili. Zima taa, ulale.